Somo la Kazi za Mikono: Tuanze Kushona Blanketi la Viraka



 

Mara nyingi watu wakituona tumekaa chini ya mwembe na vipande vya nguo mapajani, hutuuliza: "Hivyo viraka mnavikusanya vya nini?" Leo tunajibu. Tunashona blanketi la viraka kwa mkono, bila cherehani. Wazungu huliita kwilti. Ni blanketi lenye matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kuleta joto, na chini kitambaa kizima. Matabaka hayo hushonwa pamoja hadi yawe kitu kimoja.

Kabla ya kuanza, fungueni Biblia msome Matendo 9:36-42, Matendo 18:1-3 na Mathayo 9:16. Tutazirudia sehemu hizi ndani ya somo.

1. KAZI HII NI YA NANI?

Ni ya yeyote mwenye mikono na subira. Mkumbukeni Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hizo ndizo zilizokuwa ushuhuda wake.

Na akina baba wasiseme kwamba sindano ni ya wanawake. Akila na mkewe Prisila walikuwa wakimbizi kama sisi, maana Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Walipofika Korintho walishona mahema, na Paulo akakaa kwao akafanya kazi hiyo hiyo. Hakuna aliyewacheka.

Dada zetu kutoka Sudan Kusini wana faida kubwa hapa. Anayejua kutarizi milaya, yaani yale mashuka yenye maua na ndege, na kufuma ukingo wake, mkono wake umekwisha soma. Atakachojifunza ni kuunga vipande na kushona matabaka tu. Dada zetu kutoka Kongo nao wanajua kitenge, wanachokiita kikwembe: wanajua kipi ni kizuri na kipi kitachuja rangi. Na baadhi yetu wenyeji wa hapa tunakumbuka mwaka 1979 na 1980, tulipokimbia sisi kwenda Zaire na Sudan tukiwa na nguo tulizovaa. Kwa hiyo hakuna mgeni katika darasa hili.

2. VITU VYA KUWA NAVYO

Msingoje mpaka mpate kila kitu. Vinavyohitajika ni hivi:

- Sindano mbili, nyembamba na fupi. Sindano nene hutoboa matundu makubwa na kuchosha kidole.
- Uzi wa pamba ulio imara. Ujaribu kwa kuuvuta kwa mikono miwili. Ukikatika upesi, uacheni dukani.
- Mkasi unaokata vizuri. Familia tatu au nne zaweza kutumia mmoja.
- Nta ya nyuki kidogo. Huku kwetu West Nile haikosekani kwa warina asali. Pitisha uzi juu ya nta mara mbili. Hautajisokota wala kufanya mafundo.
- Kastabini, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. Ukikosa, zungusha kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye kidole kinachosukuma sindano.
- Kipande cha katoni ngumu cha kupimia, na kipande chembamba cha sabuni kavu cha kuchorea mistari.
- Vitambaa. Waombeni mafundi cherehani walioko barazani sokoni, maana vipande vingi hutupwa jioni. Nguo za mitumba zilizochanika pia zinafaa, na mashuka makuukuu.

Kwa tabaka la katikati, wengi wetu tunalo lile blanketi jembamba tulilopewa siku ya kupokelewa. Likishachakaa halifai kujifunika peke yake, lakini ndani ya blanketi la viraka litatumika miaka mingine. Wahenga walisema, usitupe mbacha kwa msala upitao. Kama huna blanketi, weka mashuka mawili makuukuu.

3. FUA KWANZA, KATA BAADAYE

Hapa sisi wenyewe tulikosea, nanyi mjifunze kwetu. Blanketi letu la kwanza tulichanganya kitenge kipya chekundu, kutoka dukani moja kwa moja, na shuka jeupe lililofuliwa miaka mingi. Lilipendeza sana. Siku tuliyolifua mara ya kwanza, rangi nyekundu ikalowesha shuka lote, na vile viraka vipya vikajikunyata na kuvuta vya jirani hadi mishono ikafumuka. Kazi ya wiki sita ikawa ya kufumua upya.

Ndipo tukakumbuka Mathayo 9:16. Bwana alipozungumza juu ya kiraka kipya kwenye vazi kuukuu, alikuwa akifundisha jambo kubwa kuliko nguo. Lakini jambo la nguo nalo ni kweli, na bila shaka kila mama aliyekuwa akisikiliza alilielewa. Kitambaa kipya hurudi kinapofuliwa. Cha zamani kimekwisha kurudi siku nyingi. Ukiviunga kabla ya kufua, kipya kitakichana cha zamani.

Basi fanya hivi. Loweka kila kitambaa kipya katika maji, ukifue, ukianike, ukipige pasi. Kwa kujaribu rangi, lowesha pembe ya kitambaa na uibonyeze juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, kifue tena. Kikiendelea kuacha alama baada ya mara tatu, kiweke kando kwa kazi nyingine.

Jambo la pili ni uzito. Usiunge suruali ya jinzi na kitenge chepesi. Kizito kitavuta chepesi hadi kichanike. Chagua vitambaa vinavyolingana mkononi.

4. KUPIMA NA KUKATA

Tunawashauri muanze na blanketi la mtoto mchanga. Wengi huanza na la kitanda cha watu wawili na hawalimalizi.

Kata katoni ya mraba, sentimita 17 kila upande. Hakikisha pembe zake zimenyooka. Tumia pembe ya daftari la mtoto wa shule kupimia. Weka katoni juu ya kitambaa, chora kwa sabuni, kisha kata. Sentimita moja kila upande itaingia kwenye mshono, hivyo kiraka kitabaki na sentimita 15.

Unahitaji viraka 42, yaani sita kwa upana na saba kwa urefu. Blanketi litakuwa karibu sentimita 90 kwa 105.

Angalia mwelekeo wa nyuzi za kitambaa. Ukikivuta kwa urefu au kwa upana hakinyooki sana. Ukikivuta kimshazari kinanyooka kama mpira. Kata kwa kufuata nyuzi, si kimshazari, la sivyo viraka vyako havitalingana.

Ukisha kukata, panga viraka vyote mkekani kabla ya kushona hata kimoja. Simama, utazame kwa mbali. Rangi nyeusi zisikae zote upande mmoja. Waite watoto waseme wanaonaje. Wana macho mazuri kwa kazi hii.

5. KUUNGA VIRAKA

Kata uzi wa urefu wa dhiraa moja, toka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko. Uzi mrefu zaidi hauharakishi kazi, hujisokota tu.

Weka viraka viwili uso kwa uso, upande mzuri ukiwa ndani. Shona sentimita moja kutoka ukingoni. Sindano izame na kuibuka, izame na kuibuka, kwa mishono midogo. Kila baada ya mishono mitano rudi nyuma mshono mmoja, ndipo uendelee. Huko kurudi nyuma ndiko kunakofunga mshono, ili uzi ukikatika mahali pamoja mstari wote usifumuke. Mwanzoni piga fundo. Mwishoni rudi nyuma mara mbili na ufunge.

Unga viraka sita viwe mstari mmoja. Fanya hivyo hadi upate mistari saba. Kwenye mstari wa kwanza laza mikunjo ya nyuma upande wa kulia, wa pili upande wa kushoto, wa tatu kulia, na kuendelea. Ukiunga mistari miwili, mikunjo itakutana bila kupandana, na pembe za viraka zitaangaliana vizuri.

Pembe zisipoangaliana usilie. Kama tofauti ni ndogo kuliko unene wa penseli, iache. Ikizidi hapo, fumua ushone tena. Kufumua si aibu. Hata sisi wa zamani tunafumua.

6. KUWEKA MATABAKA MATATU

Tandika kitambaa cha chini mkekani, upande mzuri ukitazama ardhi. Kizidi viraka kwa sentimita 5 kila upande. Kinyooshe na uweke mawe madogo pembeni kisisogee. Juu yake weka lile blanketi kuukuu, ulilolikata sawa na viraka. Mwisho weka viraka, upande mzuri ukitazama juu.

Sasa shikiza matabaka yote kwa mishono mirefu ya muda. Hii tunaiita kupiga bandi. Anzia katikati uende ukingoni, kama miale ya jua, kisha ujaze nafasi ili kati ya mstari na mstari pasizidi upana wa kiganja. Tumia uzi wa rangi tofauti, maana utautoa baadaye.

Msiruke hatua hii. Anayeanzia ukingoni hukusanya makunyanzi katikati, na hakuna pasi itakayoyaondoa.

7. KUSHONA MATABAKA

Hii ndiyo kazi yenyewe. Tunga uzi, piga fundo dogo. Ingiza sindano kwa juu, mbali kidogo na unapotaka kuanza, ipite katika tabaka la katikati tu, itokee mahali pa kuanzia. Vuta polepole hadi usikie fundo limezama ndani. Halitaonekana tena.

Shona kwa kufuata mshono wa viraka, sentimita moja pembeni yake. Mkono mmoja uwe juu, mwingine chini ya blanketi. Ule wa chini hupokea ncha ya sindano na kuirudisha. Sindano ni lazima iguse kidole cha chini kidogo kila mara, ndipo ujue imepita matabaka yote matatu. Geuza blanketi kila baada ya muda uangalie nyuma kama mishono imetokea.

Wanaoanza huuliza: mshono uwe mdogo kiasi gani? Jibu letu ni kwamba usawa ni bora kuliko udogo. Mishono mitatu au minne kwenye urefu wa pingili ya juu ya kidole gumba inatosha kabisa. Ikilingana, itapendeza. Udogo utakuja wenyewe mkono ukizoea.

Anzia viraka vya katikati, uende nje. Saa moja kwa siku inatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunasisitiza: fanyeni kazi hii mchana. Mwanga wa kibatari huchosha macho, na pamba karibu na moto ndani ya nyumba ya turubai au nyasi ni hatari kwa familia nzima. Hesabu sindano zako unapoanza na unapomaliza. Ikipungua moja, msiwalaze watoto kwenye mkeka huo mpaka ipatikane.

8. UPINDO

Ukimaliza, toa uzi wote wa bandi. Punguza kitambaa cha chini kizidi kwa sentimita 3 tu. Kikunje mara mbili kuja juu ya viraka na ukishone kwa mishono midogo ya kuficha. Hivyo huhitaji kununua kitambaa cha ukingo. Pembeni pia anza kukunja ncha kwa ndani kabla ya kukunja pande mbili, ili pembe isiwe nene.

9. NGUO TUSIYOTAKA KUIKATA

Hapa tunataka kusema jambo ambalo si la sindano.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na shati la mumewe. Mumewe alikufa njiani, kabla hawajafika mpakani. Alikuwa amelikunja vizuri ndani ya mfuko. Siku ya kwanza alikaa nalo mapajani, akakata vitambaa vingine. Siku ya pili vivyo hivyo. Mmoja wetu, kwa nia njema, akamwambia, "Mama, likate tu, utapata viraka vingi." Yule mama akalirudisha mfukoni na wiki iliyofuata hakuja. Tulijifunza kwamba tulikuwa tumekosa, tukaenda nyumbani kwake kumwomba radhi.

Aliporudi, tulimsimulia habari ya mjane mwingine. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambacho wakazi wake ni wajukuu wa watu waliokuwa watumwa. Wanawake wa huko walizoea kushona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, maana hawakuwa na kingine. Mwaka 1942 mama mmoja aitwaye Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alichukua nguo zake za kazi akazishona blanketi, akisaidiwa na binti yake. Binti huyo, Arlonzia, alieleza baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Nguo zilikuwa zimepauka kwa jua na jasho la shambani, na bado zinaonekana hivyo. Leo blanketi hilo limehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington.

Yule mama wetu alisikiliza, hakusema neno. Wiki nyingine alikata mikono miwili ya shati, kwa sababu ilikuwa imechanika tayari. Akapata viraka sita, akaviweka katikati ya blanketi la mjukuu wake. Shati lenyewe, pamoja na kola na mfuko, bado analo, limekunjwa.

Tunaona alifanya vema. Mtu asilazimishwe kukata. Nguo yenye kumbukumbu iwe ya mwisho kukatwa, mkono ukiwa umekwisha zoea, wala isiwe ya kujifunzia. Anza na sehemu iliyochanika. Na kama mtu hataki kukata kabisa, hiyo ni haki yake. Lakini kama nguo inaliwa na mchwa ndani ya mfuko na mtoto analala bila kujifunika, tafakari mbele za Mungu ni wapi kumbukumbu ile itakaa vizuri zaidi.

10. KUUZA AU KUTUNZA?

Wengine watashona ili wauze, na si vibaya. Tunawapa habari moja ya kuwafikirisha. Harriet Powers alizaliwa mtumwa mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani. Baada ya uhuru, miaka ya 1885 na 1886, alitengeneza blanketi lenye picha 11 za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, msalaba, na nyingine. Mwaka 1886 lilionyeshwa kwenye maonyesho mjini Athens, huko Georgia, na mwalimu mmoja wa uchoraji akataka kulinunua. Harriet akakataa. Miaka michache baadaye shida zikamzidi. Akataka dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuliacha alieleza maana ya kila picha, na baadaye alirudi mara kadhaa kulitazama. Leo liko katika makumbusho ya taifa mjini Washington.

Hatumlaumu. Sote tunajua maana ya kuuza kitu unachokipenda kwa sababu ya njaa. Ila tunashauri: shona la kwanza kwa ajili ya nyumba yako, la pili ndilo uuze. Na kabla ya kutaja bei, andika gharama ya uzi, sindano na vitambaa, kisha hesabu siku ulizokaa. Asiyehesabu siku zake hupewa bei ya vitambaa peke yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Wajane wa Yafa walionyesha nguo za Dorkasi. Watu wa jirani yako wataonyesha nini?
2. Katika nyumba yenu kuna nguo gani yenye kumbukumbu? Mwenyewe ana maoni gani juu yake? Mmemuuliza?
3. Ni nani karibu nanyi anayejua ushonaji lakini hana sindano? Ni nani mwenye mkasi asiyejua ushonaji?

KAZI YA WIKI HII

Kata viraka vinne vya sentimita 17. Viunge viwili viwili, kisha uunge jozi hizo ziwe mraba mmoja. Usifanye zaidi. Uje nao tulinganishe pembe. Atakayeleta wenye makunyanzi tutamkaribisha kwa furaha, maana sisi nasi tulianza hivyo.

Bwana aithibitishe kazi ya mikono yenu.

Ni sisi dada na mama zenu wa ushonaji, Mvara.